Kwa Nini Nyama ya Musi Inalipiwa Nauli Yake

Kila msimu wa uwindaji wa Septemba unapofungwa, wateja wetu wanaozungumza Kiswahili, wawe wakazi wa Anchorage hapa Alaska au wale wanaosafiri kwa ndege kutoka majimbo ya Marekani yaliyo kusini kwetu, hutuletea lalamiko lilelile: walilipia boti yetu ya mtoni kwenda na kurudi, kisha wakadaiwa fedha nyingine za kubeba nyama ya musi, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu, na nahodha akakaa ukingoni akiwatazama wanavyohangaika na mapaja mabegani. Safari hii ndugu mmoja ameandika kwamba tumemwibia mchana kweupe. Yeye tumekwisha kumjibu, lakini neno hilo ni zito, na wenye fikra kama yake ni wengi, kwa hiyo tunaeleza hesabu yetu hadharani.

Tuanze na nahodha. Katika jimbo la Alaska, leseni ya kusafirisha wawindaji na leseni ya kuwaongoza ni vitu viwili tofauti. Sisi ni wasafirishaji. Tunaruhusiwa kuwapeleka watu, mizigo yao na nyama yao, lakini haturuhusiwi kumtafutia mteja mnyama, kumsaidia kuchuna, wala kubeba nyama kutoka porini hadi mtoni, kwa sababu kazi hizo ni za kiongozi wa uwindaji mwenye leseni yake. Nahodha anayejitwika paja la mteja kwa huruma anaweza kutupotezea leseni. Tunalisema hili siku ya kulipia, na tunalirudia Nenana, mji wa kando ya mto Tanana tunakoanzia safari, kabla ya kuwasha injini, lakini mwenye hamu ya safari husikia anachotaka kusikia.

Sasa uzito. Musi dume mkubwa anaweza kufika kilo 700 akiwa hai, na nyama yake safi huwa kama kilo 225. Sheria inamtaka mwindaji aokoe miguu yote minne, mbavu, shingo na sarara, na katika maeneo mengi nyama ya miguu na mbavu lazima ibaki kwenye mifupa mpaka itoke porini, jambo linaloongeza uzito. Pembe nazo haziruhusiwi kutangulia nyama. Anayeiacha nyama ioze anakabiliwa na kifungo kisichopungua siku 7 na faini isiyopungua dola 2,500. Kwa hiyo mteja anapotuambia, “Nichukueni tu, nikipata mnyama tutaona,” anakuwa amepanga nusu ya safari, tena ile nusu nyepesi.

Boti ya jeti, ambayo ndiyo yetu, haina rafadha, yaani feni ya kusukuma maji, chini yake. Pampu huvuta maji kupitia wavu wa chuma ulio tumboni mwa boti na kuyasukuma nyuma kwa kasi, na ndiyo maana tunaweza kupita juu ya kokoto zenye maji ya kina cha shubiri moja, pale ambapo rafadha ingekatika. Sharti lake ni kwamba boti inyanyuke na kuteleza juu ya maji. Ikizidiwa na shehena hainyanyuki, tumbo linazama, pampu inameza kokoto, na visu vya impela, gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, vinaliwa mpaka maji yanapita bila kusukuma kitu. Injini ya nje iliyofungwa jeti hupoteza takriban asilimia 30 ya nguvu zake, na petroli inakwenda kwa kasi inayomshangaza kila anayeona madumu yetu. Huko juu hakuna kituo cha mafuta: tone la kurudia tunalibeba wenyewe, na tone hilo nalo lina uzito.

Maji yenyewe hayakai mahali pamoja. Tanana ni mto wa barafu iyeyukayo, rangi yake ni ya kijivu, na fungu la kokoto lililo kiganja kimoja chini ya maji halionekani. Usiku unapoanza kuganda milimani, barafu huacha kuyeyuka na mto hupungua. Mkondo tuliopita tukiwa na watu wawili na hema mwanzoni mwa mwezi unaweza kutukatalia mwishoni tukiwa na watu hao hao na musi mzima. Hapo nahodha mwangalifu hugawa shehena mara mbili, na safari ya pili ndiyo nauli mnayoilalamikia. Bei hiyo hatuipunguzi. Kuipunguza maana yake ni kujaza boti kupita kiasi, na maji yale ni baridi mno kwa mtu kuangukia akiwa na suruali za mpira.

Njia ya mkato inayowagharimu watu zaidi ni kumlipa rafiki mwenye boti yake. Kundi moja lilitukimbia kwa sababu ya bei, likachukua boti ya rafadha ya jamaa yao, likakwama kwenye fungu la kokoto likiwa tayari na nyama. Walisukuma kwa upondo mpaka upondo ukavunjika. Tulipowafikia, mbavu zilikuwa zimefungwa katika mifuko ya plastiki, zimetoa jasho, na harufu ilitupokea kabla yao. Wangetumia mifuko ya kitambaa, wakaitundika nyama chini ya turubai mahali penye upepo ili ikauke na kufanya ganda juu, ingesubiri bila shida. Tena jamaa huyo, kwa kupokea malipo bila leseni, alikuwa ameshavunja sheria.

Wengine husalimika na boti lakini hushindwa na kinamasi. Mzee mmoja, mtu wa heshima na mlenga shabaha hodari, alimpiga dume maili mbili kutoka mtoni, na yeye na mwanawe wakabeba siku baada ya siku huku magoti yakizama kwenye matope, na dubu akiwa amekwisha kufika kwenye matumbo. Kwa watu wawili, tunashauri msivuke nusu maili kutoka ukingoni, hata pembe ziwe pana kama sinia.

Kuhusu ndugu wanaotoka Afrika Mashariki kuja kutembea: asiye raia wa Marekani wala mkazi wake hawezi kuwinda mnyama mkubwa yeyote Alaska bila kiongozi mwenye leseni, na sisi hatumchukui bila kiongozi huyo. Raia anayeishi jimbo jingine anaweza kuwinda musi mwenyewe; leseni ni dola 160 na tagi ya musi, yaani lebo ya kufungwa kwenye mnyama, ni dola 800, na hizo hazipiti mikononi mwetu.

Anayetaka nafasi ya Septemba atutumie idadi ya watu, uzito wa kila mmoja na uzito wa mizigo uliopimwa kwenye mizani, si wa kukisia. Vitanda vya kukunja na masanduku makubwa ya barafu yabaki Nenana. Amana ya safari ya nyama tunaipokea pamoja na nauli, na asiyepata mnyama tunamrudishia amana hiyo yote siku anaposhuka botini.