Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonesho ya Shule

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Shikamooni. Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, nawe tunakushukuru kwa kuacha shughuli zako na kuja kutusikiliza.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mezani mbele yako kuna vitu viwili. Cha kwanza ni unga mweusi tulioutoa kwenye betri za tochi zilizokwisha, tukausafisha kwa maji. Sehemu yake kubwa ni oksidi ya manganizi. Mwenzetu atakapoumwagia haidrojeni peroksidi utaona povu likiumuka, na kijiti kilichobaki kaa kitawaka upya kwa oksijeni inayotoka. Baadaye tutauchuja na kuukausha, na kesho utafanya kazi ileile. Unaharakisha kazi bila wenyewe kuliwa. Ndiyo maana ya kichocheo.

Karibu na mwisho wa Vita vya Kwanza vya Dunia wanakemia wa Marekani walichanganya oksidi hii na ya shaba, wakapata hopkaliti, inayotiwa kwenye barakoa za kujiokolea migodini. Kaboni monoksidi ikipita humo hugeuka kaboni dioksidi, pasipo moto. Kaboni monoksidi ndiyo hewa ile ya jiko la mkaa lililoingizwa chumbani usiku wa baridi: haina rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke.

Kitu cha pili tulipewa na fundi wa gereji. Nacho ni kichocheo, hukaa kwenye bomba la moshi la gari na kuusafisha moshi kabla haujatoka. Mafundi hukiita sega, kwa matundu yake kama ya sega la nyuki. Kauri yake imepakwa oksidi ya aluminiamu yenye vinyweleo vingi kiasi kwamba gramu moja ina uso wa mita za mraba 100 hivi, mkubwa kuliko sakafu ya darasa letu. Juu yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, metali za thamani kubwa, na hizo ndizo zinazofanya masega yawindwe. Sisi tumeipenda zaidi oksidi ya seriamu, isiyotajwa na wanunuzi. Oksijeni ikizidi kwenye moshi, oksidi hiyo huivuta na kuiweka akiba. Ikipungua, inaitoa, ili kaboni monoksidi na mabaki ya petroli yaungue. Ni kama inapumua. Oksidi za naitrojeni nazo hurudishwa kuwa naitrojeni ya kawaida.

Mheshimiwa, sega likikatwa na bomba tupu likachomelewa mahali pake, gari hutembea vilevile. Dereva haoni hasara. Anayeuvuta moshi huo ni mama anayeuza vitumbua kituoni, na sisi tunaosubiri daladala asubuhi. Inatuuma kwa sababu nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikwisha kuacha petroli yenye risasi kufikia mwaka 2006, na risasi ndiyo iliyokuwa ikiua masega. Leo mafuta yanayaruhusu kuishi, nasi tunayakata kwa mikono yetu.

Tuna maombi mawili. Klabu haina kipimo cha kaboni monoksidi. Tukikipata tutaanza na jiko la shule, ambako wapishi wetu hushinda kwenye moshi wa kuni. La pili, utufikishie neno kwa wanaokagua magari: wasiishie kwenye taa na breki, wainame chini watazame kama sega lipo.

Peroksidi iko tayari, Mheshimiwa. Tunakuomba usogee karibu na meza.

Naomba kuwasilisha.