Risala ya kikundi cha wanaouguza wazee wenye ugonjwa wa kusahau, Manispaa ya Iringa, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Ndugu viongozi wa dini na wajumbe wa baraza la wazee,
Wauguzaji wenzangu, na ninyi wazee wetu mlioketi hapo mbele,

Kamwene!

Tunakushukuru kwa kukubali kuja. Tarehe 21 Septemba dunia huadhimisha siku ya ugonjwa wa Alzheimer, na sisi hapa Kihesa tumeona tuiadhimishe kwa namna yetu: chai, viazi, na risala ambayo nimeonywa isizidi dakika kumi na tano.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi hiki kilianzia kwenye benchi la kliniki. Tulikuwa watu watano kwenye foleni, kila mmoja na mzee wake, kila mmoja akidhani balaa hili limemshukia yeye peke yake. Mama mmoja wa Mtwivila alikuwa amemshika mkono mama mkwe wake, na mkono wa pili ana mfuko wa kanga za kumbadilisha. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Wa kwenu naye anaficha vitu?" Nikamwambia wa kwetu anaficha hela kwenye gunia la mahindi, halafu anatangaza kwa majirani kwamba mke wangu mwizi. Tukacheka mpaka muuguzi akatutolea macho. Sikuwahi kulicheka jambo lile kabla ya siku hiyo.

Kwa ruhusa ya ndugu zangu, naomba nimseme baba. Baba alifanya kazi kiwanda cha karatasi kule Mgololo, Mufindi, tangu kilipoanza uzalishaji miaka ya 1980. Alikuwa mtu wa zamu ya asubuhi. Sasa ana miaka 78. Mwezi wa sita, na baridi ya Iringa mnaijua, saa tisa usiku nasikia komeo linafunguliwa. Natoka, namkuta amesimama sebuleni na buti za mvua, la kushoto kalivaa mguu wa kulia, koti juu ya nguo za kulalia, mkononi ana chupa ya chai isiyo na chai. Ananiuliza, "Gari la zamu limeshapita?" Mwanzoni nilikuwa nambishia. Baba, ulishastaafu. Baba, hapa siyo Mgololo. Alikuwa anafoka, na usiku mmoja alinisukuma nikajigonga mlangoni. Yule mama wa Mtwivila ndiye aliyenifundisha nisibishane naye. Siku hizi namwambia, "Baba, zamu imebadilishwa, leo unaingia mchana. Tunywe chai kwanza." Anaketi, anazivua buti mwenyewe. Maarifa haya sikuyapata ofisi yoyote.

Ndiyo maana risala hii inahusu kutafuta huduma. Huduma zipo, Mheshimiwa. Nasema hivyo kwa sababu nimeshazoea kusikia risala zinazodai hakuna kitu kabisa, na hiyo siyo kweli. Kinachotutesa ni kwamba zipo vipandevipande, na kila mwenye kipande chake hajui mwenzake ana nini.

Familia yetu ilizunguka miaka miwili. Zahanati walimpima malaria, hakuna malaria, tukarudishwa na panado. Shangazi akatupeleka kwenye maombi. Ndugu wa upande mwingine wakatupeleka kwingine, ambako sitakutaja mbele ya wachungaji. Kituo kimoja cha afya tuliambiwa, "Huo ni uzee tu, mvumilieni." Neno hilo "uzee tu" limetupotezea muda kuliko umbali wa hospitali. Uzee hausahaulishi mtu jina la mwanawe. Daktari wa Kijerumani, Alois Alzheimer, aliueleza ugonjwa huu mbele ya madaktari wenzake mwaka 1906, na mgonjwa wake hakuwa bibi kizee, alikuwa mwanamke aliyefika hospitali akiwa na miaka 51. Na asije mtu akasema ni ugonjwa wa Wazungu: utafiti uliofanyika wilayani Hai, Kilimanjaro, ulikuta kiasi cha wazee sita katika kila mia, wenye miaka 70 na zaidi, wana demensia, yaani kundi la magonjwa ya ubongo ambalo Alzheimer ndio mkubwa wao. Sioni sababu ya Hai kuwa nayo na Kilolo kukosa.

Aliyetutoa gizani ni daktari kijana wa hospitali ya rufaa ambaye, kabla ya kusema lolote, aliagiza vipimo. Alitueleza kuwa yapo magonjwa yanayojifanya demensia na yana tiba: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kaswende ya zamani, VVU, sonona. Hata UTI ya kawaida inaweza kumvuruga mzee akili kwa siku mbili tu. Katika kikundi chetu yupo bibi aliyeletwa akiwa anaongea na marehemu. Ikawa UTI, akatibiwa, leo ndiye anayetukagulia daftari la michango. Baba hakuwa na bahati hiyo. Lakini kulijua jina la ugonjwa kulimaliza ugomvi nyumbani, kwa sababu mke wangu aliacha kuwa mwizi na baba akaacha kuwa mkorofi.

Baada ya hapo ndipo tukaanza kujifunza njia, na sasa kila anayejiunga tunamsimulia ilivyo. Kwanza barua ya mtendaji wa mtaa, kisha afisa ustawi wa jamii, ili mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo apate kitambulisho cha matibabu bila malipo. Hilo limo katika Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, lakini wengi wetu tulilipia dawa za presha kwa miezi mingi bila kujua. Ukifika hospitali ulizia dirisha la wazee, usipange foleni ya wote. Rufaa uidai kwa maandishi: mkoa ukishindwa, ni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, au Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili kule Dodoma. Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na anayedhani hilo ni jambo dogo hajawahi kupanda basi na mzee anayetaka kushuka kila kituo. Kwa hiyo kabla ya safari tunapiga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, ni bure, tunauliza. Kaya iliyoishiwa kabisa tunaielekeza kwenye utaratibu wa TASAF mtaani. Mgogoro wa shamba au nyumba tunaupeleka kwa wasaidizi wa kisheria, ambao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

Kuhusu pensheni naomba nikae kidogo. Baba alitakiwa kuhakikiwa kuwa yu hai. Tukampeleka, kavaa suti. Kijana wa dirishani akamuuliza tarehe ya kuzaliwa, baba akataja ya kwangu. Akaulizwa namba ya siri, akatabasamu. Malipo yakasimama miezi minne, na sisi tukiwa na karatasi ya daktari mkononi ambayo hakuna aliyetaka kuisoma. Ofisi siitaji, na yule kijana simlaumu, alikuwa anafuata alichofundishwa. Lakini tangu hapo tunamwambia kila mwanachama mpya: mzee akiwa bado anaelewa, kaeni naye kama familia mjue akaunti, hati, deni, na nani atamsimamia. Ni mazungumzo magumu, kwa Kihehe yanakuwa magumu zaidi, maana kuuliza mali ya mzee aliye hai ni kama kumchimbia kaburi. Hata hivyo yafanyeni.

Wazee kupotea ni jambo linalotutokea karibu sote. Mzee wa mwenzetu wa Mkwawa alikwenda stendi ya zamani pale mjini kungoja basi la Makambako. Mabasi ya mikoani yalishahamia Igumbilo, yeye hajui, akakaa pale mpaka giza. Aliyemwokoa ni mama muuza karanga aliyeona namba ya simu imeshonwa kwenye pindo la mgolole wake. Wazo la kushona namba ni la binti yetu fundi cherehani. Anashona kwa uzi mweupe, ndani, ili mzee asione haya. Tunaomba polisi kata na vijana wa bodaboda wajue kuchungulia pindo.

Na kuna jambo ambalo sisi wa nyanda hizi hatupendi kulitaja tukiwa na mgeni. Bibi anayeongea peke yake usiku, anayeingia kwenye uwanja wa jirani akidhani ni kwake, hapa kwetu anapewa jina moja, na jina hilo linaweza kumuua. Wanachama wetu wawili wamehamishia mama zao mjini kwa sababu hiyo. Mheshimiwa, ukikutana na watendaji wa vijiji, waambie bibi wa namna hiyo apelekwe zahanati.

Kikundi kimefanya nini? Hatuna ofisi wala mradi wa kuku. Tuna zamu. Kila Jumatano na Jumamosi mwenzako anakuja kukaa na mzee wako saa tatu nzima, uende sokoni, kanisani, saluni, au ulale tu. Wengi wetu ni wanawake, mabinti na wakwe, na kuna walioacha kazi. Mmoja alitumia zamu yake ya kwanza kukaa kwenye kingo za mto pale Ipogolo bila kufanya lolote. Alirudi na uso mwingine.

Tuna pia kikao cha wazee wenyewe, tulichokiiga baada ya kusikia kwamba huko Hai walijaribu vikao vya kuchangamsha akili na vikawasaidia wazee. Hatukuwa na vifaa, tukaleta tulivyonavyo: jembe la mkono, kibuyu cha ulanzi, gunzi, sarafu za zamani. Wiki iliyopita bibi mmoja ambaye hajasema neno tangu Pasaka alipewa ile senti hamsini yenye sungura. Akaigeuza, akaipangusa kwenye gauni, akasema, "Hii usimpe mtoto." Akaifunga kwenye ncha ya kanga yake, na hatujaipata mpaka leo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi jengo. Tunaomba mtu. Mtu mmoja katika hospitali, mwenye meza na daftari, ambaye familia ikitoka kwa daktari na jina hilo la ugonjwa anaiambia: kesho nendeni kwa fulani, mkitoka hapo kwa fulani, karatasi mtakazohitaji ni hizi. Kazi hiyo sasa tunaifanya sisi, benchini, kwa kubahatisha. Tuko tayari kumpa mtu huyo kila tulichokiandika. Pia tunaomba wahudumu wa afya ngazi ya jamii wafundishwe kutofautisha kusahau kwa kawaida na kusahau kwa ugonjwa, na dawa zinazopunguza dalili zipatikane kwenye duka la hospitali. Tunajua haziponyi, ila kwa baadhi ya wazee zinampa mtu miezi kadhaa ya kumtambua mkewe. Na chumba, hata darasa siku ya Jumamosi, kwa ajili ya kikao cha wazee, kwa sababu barazani kwangu pamejaa.

Mheshimiwa, viazi vinapoa, na wazee wetu chakula kikichelewa huanza kuaga. Utakapopita kuwapa mkono utamkuta baba yangu mwisho wa mstari, mwenye koti la kijivu na buti. Atakuuliza kama gari la zamu limeshapita. Tafadhali mwambie leo anaingia mchana.

Naomba kuwasilisha.