Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: Mazingira Dei isogezwe ikutane na Mashujaa

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Barabara ya Lunga Lunga. Nina kibanda cha chakula cha mchana hapa Eneo la Viwanda, Nairobi: chapati na maharagwe, githeri, ugali na sukuma. Nakuandikia kuhusu kalenda ya sikukuu, kwa sababu ndiyo inayoamua niinjike sufuria ngapi.

Tazama Oktoba ya 2026. Mazingira Dei, sikukuu yetu ya kupanda miti, tarehe 10, ni Jumamosi. Sheria ya Sikukuu, Sura ya 110, inatufidia sikukuu ikiangukia Jumapili, tunapumzika Jumatatu. Ikiangukia Jumamosi, imeenda. Kisha siku kumi baadaye ni Mashujaa Dei, sikukuu ya kuwaenzi mashujaa wa taifa, Jumanne, na sisi wa vibanda tunajua kwamba sikukuu ya Jumanne huila Jumatatu pia. Mtu wa Kakamega, mbali kule magharibi, hawezi kutoka kazini Jumatatu jioni, alale kwao usiku mmoja, halafu Jumanne awe njiani tena. Anaondoka Ijumaa. Ruhusa ataomba, na akinyimwa, ataugua. Jumatatu hiyo kiwanda kimefunguliwa, stima inalipiwa, msimamizi anahesabu watu waliokosa, nami nabaki na chapati zimepoa.

Najua Mashujaa Dei huwezi kuisogeza. Kifungu cha 9 cha Katiba kimezitaja tarehe zenyewe: 1 Juni, 20 Oktoba na 12 Desemba. Wala singetaka uiguse. Tarehe 20 Oktoba 1952 ndipo serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari dhidi ya Mau Mau, waliopigania uhuru. Siku kama hiyo haisukumwi ili watu wapate wikendi ndefu. Marekani walijaribu. Kuanzia 1971 siku ya kuwaenzi wanajeshi wao wa zamani iliondolewa 11 Novemba ikawekwa Jumatatu ya Oktoba. Wanajeshi wenyewe hawakuikubali, na mwaka 1978 ikarudi pale pale ilipokuwa.

Mazingira Dei ni jambo lingine. Tarehe 10 Oktoba imekuwa Moi Dei, ikaja kuwa Utamaduni, na mwaka 2024 Bunge likaipa jina hili la sasa. Siku iliyobadilishwa majina namna hiyo haitaona ajabu kubadilishwa tarehe. Ombi langu ni kwamba kila mwaka iwekwe kwenye siku ya kazi inayoshikana na Mashujaa Dei. Kwa 2026 ingekuwa Jumatatu tarehe 19, na watu wangepata siku nne mfululizo. Miche haitadhurika kwa kungoja siku tisa, maana mvua za vuli ndiyo kwanza zinaanza.

Wenye viwanda watasema nimewaongezea hasara, kwamba badala ya nusu siku ya Jumamosi wanapoteza Jumatatu nzima. Ni kweli kwenye karatasi. Lakini Jumatatu yenyewe ilikuwa imeshapotea, tena kwa gharama ya stima na mishahara.

Wenye hoteli za Naivasha na Diani hawahitaji mimi niwasemee. Wateja wangu hawaendi huko. Wao hupita Nyamakima na Muthurwa, penye maduka na mabasi katikati ya jiji, kununua sukari, mafuta na sare ya mtoto, kisha wapande basi waende nyumbani, ambako watalipa fundi wa paa na deni la duka. Pesa hizo huondoka Nairobi, na mimi ni mmoja wa wanaozikosa siku hizo nne. Nazikosa bila kinyongo mradi nimejulishwa mapema. Maharagwe hulowekwa usiku, na mboga hununuliwa soko la Marikiti kabla ya mapambazuko. Alhamisi tarehe 31 Oktoba 2024 ilitangazwa kwamba kesho yake ni sikukuu, ya kuapishwa kwa Naibu Rais. Aliyeloweka, aliloweka. Msiba na mwezi wa Idd havina ratiba, hilo tunalielewa. Lakini yale yanayojulikana yangechapishwa yote katika Gazeti Rasmi la Serikali kabla mwaka haujaanza.

Sasa nikueleze kinachonisumbua katika ombi langu mwenyewe. Nusu ya wanaokula kwangu ni vibarua wa kulipwa kwa siku. Wakikuta lango limefungwa, hakuna ujira. Mwajiriwa wa kudumu anapumzika kwa mshahara, na akiitwa kazini sikukuu hulipwa maradufu; kibarua anapumzishwa kwa njaa, na kodi ya chumba cha mabanda ya Mukuru haijui Mazingira wala Mashujaa. Kumwongezea Jumatatu ya mapumziko bila malipo ni kumkata mkate, na baadhi yao tayari wanakula kwangu kwa deni.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, ukipeleka Bungeni mswada wa kurekebisha Sura ya 110, kipengele cha kumlipa kibarua aliyefanya kazi wiki iliyotangulia sikukuu kiwemo humo humo. Kikiachwa kije baadaye na sheria nyingine, heri Mazingira Dei ibaki Jumamosi.

Wako mtiifu,
Mama wa kibanda, Lunga Lunga, Nairobi