Mkija kulala bomani, muulizeni kwanza mama mwenye nyumba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda sasa, na juzi nimesikia kuna kundi lingine linakuja huku Longido kwa programu ileile, wageni kutoka nje wanakuja kuishi na Wamasai wiki mbili halafu huko kwao wanachangisha hela za kuinua wanawake. Sipingi wageni kuja. Mi mwenyewe ni binti wa huku na nilishawahi kuwa mkalimani wa kundi kama hilo, hela yao nimekula, kwa hiyo sina haja ya kujifanya mtakatifu.

Ila kuna kitu nilikiona na sijawahi kusikia mtu akikisema.

Nyumba ya Kimasai ni ya mwanamke. Yaani kaijenga yeye, fito kakata yeye, mavi ya ng'ombe kakanda yeye kwa mikono yake, na ikivuja usiku anayetoka kwenda kuziba ni yeye. Sasa safari ile ilipangwa na shirika moja (jina naliacha) pamoja na viongozi wa kijiji na laigwanani (kiongozi wa mila), wanaume watupu, wakakubaliana wageni sita walale kwenye nyumba tatu. Wenye nyumba waliambiwa jana yake jioni. Yeyo, yaani mama, niliyepangiwa kwake akabeba watoto wanne akaenda kubanana kwa mama mkwe, kitanda akawaachia wageni, na asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka kuwachemshia chai.

Halafu maji. Ilikuwa mwezi wa tisa, kiangazi kimekolea, wanaoijua Longido mwezi wa tisa wanaelewa. Yule mama ana punda wawili, kawaida anaenda kuchota leo, kesho anapumzisha punda, lakini kwa kuwa wageni wanaoga kila siku ikabidi na yeye aende kila siku, anatoka na madumu bado giza anarudi saa tano jua liko utosini. Na programu ilikuwa imeandika saa tatu asubuhi, mazungumzo na akina mama chini ya mgunga. Tukakaa pale, wageni, mimi, na vikongwe wawili. Mgeni mmoja akanigeukia akaniuliza mbona wanawake wa hapa hawana mwamko. Hivi hapo ningetafsiri nini? Mwamko wote ulikuwa njiani na punda, unamchotea yeye maji ya kuoga.

Siku ya pili wakauliza habari za ukeketaji. Swali ni la maana na mi siutetei ukeketaji hata kidogo, sheria imeukataza kwa wasichana chini ya miaka 18 tangu 1998, na tatizo la sasa ni kwamba watu wanaufanya kwa siri na watoto wanakatwa wakiwa wadogo zaidi. Lakini liliulizwa mbele ya mama wakwe na watoto, na mtu aliyefika jana, huku simu inarekodi. Wote wakainamisha macho. Mgeni akiondoka anaondoka na video yake, yule atakayejibu anabaki bomani na ukoo mzima unajua alichosema.

Siku ya nne ilikuwa kujenga nyumba pamoja. Nacheka mpaka leo. Walivaa glovu, wakamwaga maji mengi kwenye mchanganyiko ili usinate, wakapaka upande mmoja wa nyumba, picha zikapigwa, akina mama wakapiga makofi kwa adabu. Wageni walipoondoka koko (bibi) mmoja akaja na panga akabandua ule upande wote, akasema hawa wamepaka uji. Wakakaa siku mbili wanapaka upya. Siku mbili, Mhariri, za watu waliokuwa wameletewa msaada.

Na msaada wenyewe? Taulo za kike na mafunzo ya kujiamini. Taulo sawa, wasichana wa shule walizifurahia. Ila kujiamini, kumfundisha mama anayetoka peke yake usiku na kijinga cha moto kumfukuza fisi zizini!

Nisiwe mchoyo wa sifa, kulikuwa na mama mmoja kati ya wale wageni, mtu mzima, nesi, yeye siku ya tatu aliacha programu akamfuata yeyo kisimani. Alirudi miguu imevimba, akalala mchana kutwa, na tangu siku hiyo alikuwa anaoga kwa kikombe. Jioni akawa anakaa na wanawake wakati wa kukamua, hapo ndipo walipoongea, tena bila kuulizwa. Walitaka mashine ya kusaga. Walitaka mtu awaeleze kwa Kimasai ile Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, maana inasema mwanamke ana haki sawa ya ardhi na kwamba baraza la ardhi la kijiji la watu saba lazima liwe na wanawake watatu, na pale kulikuwa na mjane anahangaishwa na shemeji zake. Nesi akaandika yote kwenye daftari. Mpaka leo wakiniona wananiulizia yeye tu, wale wengine hata majina wamesahau.

Watu wanaongea kama wanawake wa kifugaji wamekaa tu wanasubiri ndege itue. Loliondo wanawake wa Kimasai wana baraza lao la wanawake wafugaji tangu 1997. Samburu kule Kenya akina Rebecca Lolosoli walianzisha kijiji cha Umoja mwaka 1990, mgeni akifika analipa kiingilio na kambi ya kulala ni ya wanawake wenyewe. Hata pale pale nilipokuwa kuna VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa hela, sanduku lina kufuli tatu na funguo wanashika wanawake watatu tofauti, na hakuna mgeni aliyeambiwa kwamba lipo.

Ninachoomba ni kidogo. Anayelaza mgeni alipwe, usiku kwa usiku, mkononi mwake au kwenye simu yake, hela isipitie kwa mwenyekiti wala kwa mume. Yule yeyo baada ya wiki mbili aliambulia kanga moja na sabuni, wakati dereva, mpishi wa mjini na mimi mkalimani tulilipwa kila siku. Na akina mama waulizwe kabla, wao wenyewe, kama wanataka wageni na mwezi gani, naamini mwezi wa tisa hakuna atakayeutaja.

Hawa wanaokuja sasa wameshanitafuta niwatafsirie. Nikawaambia nitawajibu wakinitajia kwanza mama mwenye nyumba analipwa shilingi ngapi kwa usiku. Walisema wataniangalizia kwenye bajeti. Hiyo ilikuwa Jumatatu, leo Jumamosi.

Msomaji wenu,
Longido, Arusha