Kabla ya kununua vioo

Zuhura shoga yangu,

Salamu nyingi. Umeuliza vioo vya ukubwa gani vinunuliwe kwa onyesho lenu. Mimi ningeanza na mtazamaji: atasimama wapi, na atajiona lini?

Chukua kazi ya sanaa ya Dan Graham, msanii Mmarekani, ya 1974, iitwayo Present Continuous Past(s). Kuta mbili zinazokutana kwenye kona ni vioo. Ukuta unaokabili kioo kimojawapo una kamera, na chini yake skrini. Kiooni unajiona ulivyo sasa. Kwenye skrini, ulivyokuwa sekunde 8 zilizopita. Na kwa kuwa kamera inaiona skrini hiyo kiooni, ndani ya picha kuna wewe wa sekunde 16, kisha 24, na kuendelea. Bila mtu chumbani, hakuna kazi. Kwangu mimi hii inavishinda vyumba vingi vya vioo na taa ambavyo watu huingia kupiga selfi tu.

Mkitaka kufuata njia hiyo, kamera ya picha 25 kwa sekunde inahitaji programu inayotunza picha 200 kabla ya kuonyesha ya kwanza. Zimeni urekebishaji wa mwanga wa kamera, maana skrini iking'aa kamera hufifisha kila kitu, sekunde 8 baadaye skrini imefifia, kamera inaongeza tena, na picha nzima inapwitapwita bila kutulia.

Kujiona mwili mzima kunataka kioo cha nusu ya kimo chako tu, usogee au urudi nyuma. Lakini watoto nao watakuja: kianzie sm 50 kutoka sakafuni hadi sm 185.

Kioo cha mm 4 kina kilo 10 kwa mita ya mraba. Fundi akibandike plastiki ya usalama mgongoni, kikivunjika vipande visianguke. Gundi ya silikoni inayonuka siki msiitumie. Asidi yake hula utando wa madini ya fedha ulio nyuma ya kioo na madoa meusi hutokea. Kioo cha plastiki ni chepesi, ila cha mm 3 hujipinda na nyuso zinarefuka kama kwenye kijiko.

Wasiingie zaidi ya wanne kwa mara moja. Wakijipanga mbele ya kamera wanaiziba skrini kiooni, na zile sekunde 16 hazionekani tena.

Nitumie vipimo vya chumba, na dirisha liko upande gani.

Wako,
Mwanaidi