Dini hizi zilibebwa na waliobebwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie mjadala ambao wasomaji wenzangu wamekuwa wakiuendesha kwa wiki kadhaa, wengine wakishikilia kwamba Uislamu ni dini ya Waarabu na Ukristo ni dini ya Wazungu, na kwamba sisi wa huku tulikuwa wapokeaji tu, tuliokaa ufukweni tukingoja kuletewa. Kazi yangu ni kuongoza watalii hapa Bagamoyo, na nakiri kwamba hata mimi kwa miaka mingi nimesimama mbele ya mbuyu wa misheni na kusema sentensi ile ile niliyoirithi kwa walionitangulia: “Hapa ndipo Ukristo ulipoingilia.” Leo naiona sentensi hiyo ina kasoro. Dini haina miguu. Hufika mahali kwa sababu kuna mtu aliyehama, awe amehama kwa hiari yake au kwa kufungwa kamba, na katika mji wetu walioibeba dini na kuifikisha mbali zaidi ni hao hao waliofungwa kamba.

Nianzie hapo hapo kwenye mbuyu. Ulipandwa mwaka 1868, mwaka ambao Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walivuka kutoka Unguja na kuanzisha misheni upande huu wa bara. Kwenye shina lake kumenasa mnyororo ambao mti umeumeza kidogo kidogo hadi zimebaki pingili chache tu za kushika kwa vidole, na karibu kila kundi la wageni huniuliza kama ndio uliowafunga watumwa. Sivyo. Simulizi la misheni ni kwamba mama mmoja wa Kifaransa alikuwa akimfunga punda wake hapo, na mnyororo ukasahauliwa. Huwa naona nyuso zikisinyaa kidogo kwa kusikia habari ya punda, kana kwamba nimewadhulumu kitu.

Watumwa wenyewe, au tuseme waliokuwa watumwa, waliishi hatua chache kutoka hapo, katika kijiji cha uhuru ambacho mapadre walikijenga kwa ajili ya watoto na vijana waliowakomboa kwa fedha, wengi wao katika soko la Unguja. Sisemi kwamba maisha yao yalikuwa ya raha. Waliamshwa kwa kengele, walifanya kazi kwa kengele, walisali kwa kengele, na wapo waliotoroka wakaenda zao mjini. Kimbunga cha mwaka 1872 kilipobomoa majengo ya misheni, ujenzi ukaanza upya. Lakini mapadre walipoamua kwenda bara, wakafungua kituo cha Mhonda mwaka 1877, hawakwenda peke yao: waliongozana na wake na waume waliooana katika kijiji kile, ambao ndio waliokuwa wa kukata miti, kulima mashamba na kuishi na majirani. Kwa hiyo mtu wa milima ya Nguru, kabla hajaelewa neno moja la mahubiri ya padre, alikuwa amekwisha kumwona mwanamke Mkristo mweusi kama yeye akitwanga, akigombana na mumewe na kumzika mtoto wake kwa sala ambazo hakuwahi kuzisikia. Hakuna kitabu cha shule nilichokisoma kinachomwita mwanamke huyo mmishonari, na mimi sijui tumwite nani mwingine.

Sasa tutoke misheni tuingie mji mkongwe, umbali wa kutembea kwa miguu. Huko aliishi Sheikh Yahya bin Abdallah, ambaye watu wa Bagamoyo humjua zaidi kwa jina la Sheikh Ramiya. Alifikishwa hapa akiwa mtoto, mtumwa aliyetolewa nchi za mashariki ya Kongo, akalelewa katika nyumba ya liwali wa Kiarabu. Mtoto huyo alisoma, akawa mwanachuoni, akawa khalifa, yaani kiongozi, wa Kadiria, ambayo ni twarika, jumuiya ya Waislamu wa njia ya kisufi, na hadi anafariki mwaka 1931 hapakuwa na sheikh hapa mjini aliyekuwa na wafuasi kumzidi. Tazama njia iliyopitiwa. Twarika hiyo ni ya Baghdad, ya Sheikh Abdulkadir Jilani aliyefariki mwaka 1166. Ikaletwa pwani yetu na Sheikh Uways, mtu wa Barawa katika pwani ya Somalia, aliyekwenda kusoma Baghdad akarudi. Ikafika Unguja, ikavuka Bagamoyo, kisha ikapanda bara hadi Tabora na Ujiji kwa njia ile ile ya misafara ambayo watoto kama Yahya waliteremshwa nayo wakiwa wamefungwa. Katika zikri za Kadiria, yaani ibada ya kumtaja Mungu kwa pamoja, walisimama mstari mmoja aliyezaliwa huru, mjukuu wa mtumwa na mtumwa mwenyewe, wakivuta pumzi pamoja. Mimi naamini hiyo ndiyo sababu kubwa ya twarika kukubalika upesi vile, kuliko ufasaha wa mhubiri yeyote.

Pamoja nao tuwakumbuke wapagazi wa Kinyamwezi, waliokuwa wakishuka kila mwaka na pembe za ndovu mabegani, wakapiga kambi hapa wakisubiri msafara wa kurudi. Baadhi yao walirudi kwao na kanzu na jina jipya. Hao hakuna aliyewatuma kuhubiri.

Mombasa nako kuna habari ya namna hii, na pengine ni ya ajabu zaidi. William Jones alitekwa akiwa mtoto, akaokolewa na Waingereza waliokuwa wakizuia biashara ya watumwa baharini, akafikishwa Bombay, akasomeshwa na wamishonari katika mji wa Nashik, ambao kwa Wahindu ni mji mtakatifu wa kuhiji. Katika miaka ya 1860 alirudishwa Afrika, akatumwa Rabai, kituo cha misheni karibu na Mombasa. Mwaka 1885 Askofu James Hannington alimpa daraja la ushemasi yeye na mwenzake Ishmael Semler, kisha askofu na Jones wakafunga safari ya Uganda. Hannington alitangulia na watu wachache, akamwacha Jones nyuma na sehemu kubwa ya msafara, na mwezi wa Oktoba akauawa Busoga. Jones aliwakusanya waliobaki, akawaongoza kwa miguu hadi Rabai, wakiwa wametanguliza bendera ya kitambaa cha buluu iliyoandikwa kwa herufi nyeupe neno moja la Agano la Kale, Ikabodi, maana yake utukufu umeondoka. Wenzake Jones waliotoka India walikuwa miongoni mwa wakazi wa mwanzo wa Frere Town, kijiji cha walioachwa huru hapo Mombasa, na mnara wa kengele yao ungali umesimama katika njia panda ambayo makondakta wa matatu huitangaza mchana kutwa: “Kengeleni! Kengeleni!” Niambieni, ndugu zangu, Ukristo wa mtu kama Jones tuuite wa Wazungu, wa Wahindi au wa Waafrika?

Najua atatokea msomaji wa kusema kwamba hayo ni ya karne ya 19, na kwamba Uislamu wa zamani uliletwa na Waarabu na Waajemi kwa majahazi, basi. Majahazi yalikuja, sikatai. Ila katika kisiwa cha Pate, mahali paitwapo Shanga, wachimbuzi wa mambo ya kale walifukua katika miaka ya 1980 msikiti juu ya msikiti, na wa chini kabisa, wa karne ya 8, ulikuwa kijumba cha miti ambacho hakikutosha watu zaidi ya ishirini na tano hivi. Hilo si jeshi la kuvamia nchi. Ni safu mbili au tatu za watu wanaojuana. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 aliwakuta wenyeji ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi, na penye mlango wa msikiti kuna kisima kifupi ambacho maji yake huchotwa kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba wa urefu wa dhiraa moja, watu huosha miguu na kuipangusa kwenye jamvi nene kabla ya kuingia. Chombo hicho msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa. Ni kata, na bibi yangu alikuwa nayo juu ya mtungi wake.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani kama Mtwapa, Manda na Kilwa. Ulionyesha kwamba uchanganyikaji ulianza yapata mwaka 1000, na kwamba upande wa akina baba ulitoka zaidi Uajemi, hali upande wa akina mama ukiwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa sana. Wengi walishangilia kwamba hadithi za Washirazi, za mababu waliotoka Uajemi, zimethibitika. Mimi niliwaza jambo jingine. Baba wa biashara ya bahari huja na kaskazi na huondoka na kusi, akarudi mwakani, au asirudi. Miezi yote hiyo mtoto yuko na mama yake, na wajomba zake, na bibi yake. Nani aliyemfundisha kutia udhu? Nani aliyemwamsha kula daku? Mtoto huyo hakukua akisema Kifarsi. Alisema lugha ya mama yake, na kwa lugha hiyo akaihesabu hata miezi ya dini, ndiyo maana baada ya Ramadhani wazee wetu hawasemi Shawwal, husema mfunguo mosi, kisha mfunguo pili, hadi tisa.

Na Wakristo wasidhani hilo haliwahusu. Sikilizeni misa ya Jumapili: kanisa, sala, dhambi, malaika, nabii, sadaka, msalaba, yote ni maneno yaliyopita Uarabuni kabla ya kutufikia, padre ni la Kireno, na Mungu mwenyewe tunamwita kwa jina la Kibantu ambalo lilikuwapo kabla ya wote hao. Wafasiri wa Biblia wa karne ya 19 waliyachukua maneno hayo kwa sababu waliyakuta yakitumika, yamekwisha kulainishwa na vinywa vya watu wa pwani.

Sitaki kueleweka kwamba naufanya utumwa uonekane kuwa ni neema. Liwali alimmiliki mtoto, na aliyewauza wale wa soko la Unguja alikuwa akisali. Misheni nazo zilikuwa na urafiki na bunduki za serikali zilizofuata, na hayo tuyaandike bila kuuma maneno. Ninachokataa ni kuwafuta watu hawa mara ya pili, kwa kudai kwamba dini waliyoishika baada ya kunyang’anywa kila kitu haikuwa yao.

Mambo haya, kwa kweli, yanaendelea mbele ya macho yetu. Gurdwara ya Makindu, yaani hekalu la Masingasinga, inayomlisha bure msafiri yeyote wa barabara ya Mombasa na Nairobi, ipo hapo kwa sababu Masingasinga walikuja kujenga reli iliyoanzwa mwaka 1896. Waliokimbilia Omani baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 walikwenda na Kiswahili chao, na wakimbizi wa Kongo waliopokewa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, tangu 1996 wanaabudu kambini kwa Kiswahili, na wale waliohamishiwa Marekani wameondoka na nyimbo zao.

Ombi langu ni dogo. Vitabu vya historia vya shule zetu vinawataja wamishonari pamoja na wapelelezi na wafanyabiashara kama mawakala wa ukoloni, kisha vinafunga ukurasa. Waandishi wa vitabu hivyo waongeze sura ya waliobebwa. Mwezi uliopita niliongoza wanafunzi wa darasa la sita, na kwa mara ya kwanza niliacha ile sentensi yangu ya zamani nikawasimulia habari ya wake na waume waliokwenda Mhonda. Binti mmoja akauliza walikuwa wakiitwa nani. Nilimtajia Sheikh Ramiya kwa upande wa mjini. Kwa upande wa misheni sikuwa na jina hata moja la kumpa. Wanaotunza kumbukumbu za misheni, na jamaa zinazohifadhi karatasi za masheikh wetu, wakiwa na majina hayo, nawaomba wayatume kwenye ukurasa huu. Binti yule aliandika swali lake kwenye daftari na kuacha mistari mitupu chini yake.

Mwongoza watalii,
Bagamoyo