Welsh Harp si ziwa la asili

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lenu tangu nihamie London, huu mwaka wa 18, na sijawahi kuwaandikia. Ripoti yenu ya wiki iliyopita kuhusu Waswahili wanaokwenda kupunga upepo Welsh Harp, hapa kaskazini-magharibi mwa London, imenishinda kunyamazia. Mmeliita "ziwa la asili". Lile ni bwawa. Mto Brent ulizibwa kwa ukuta, kazi ikakamilika 1835, ili Mfereji wa Regent, njia ya mashua hapa London, upate maji. Kutoka Camden hadi Limehouse mfereji ule una milango 12 ya maji ya kupandishia na kushushia mashua, na kila mashua ipitapo, maji huteremka kuelekea mto Thames wala hayarudi. Pasipo akiba, mashua zingekaa juu ya tope. Tena Januari 1841, baada ya mvua ya mfululizo, ukuta ulibomoka na mafuriko yakaua watu Brentford, kule chini mto Brent unakoishia. Mwandishi wenu hakuwapa marehemu wale hata mstari mmoja. Nafasi yote kaimaliza kwa mishikaki.

Machi nilimpeleka mjukuu wangu kuangalia ndege. Tukamwona kibisi mwenye kishungi akipiga mbawa pale pale, kamba ya plastiki imemkaba mdomo hadi shingoni. Pembeni yake godoro, toroli la dukani, chupa zisizo idadi, vyote vimeletwa na kijito cha Silk Stream na mto Brent vinavyoingia bwawani. Mtoto akaniuliza, "Babu, mbona humtoi?" Nikapiga simu ofisi moja, wakanielekeza ya pili, ya pili wakanirudisha ya kwanza. Dakika 40 nimesimama kwenye baridi na mtoto analia! Tuliondoka yule ndege angali anahangaika, na hadi leo mjukuu wangu hataki kurudi.

Na sisi wenyewe, Mhariri, tunachangia. Kila Idi mkaa unamwagwa majanini ungali moto, na sahani za plastiki zinaachiwa upepo. Nimewasihi vijana, wakaniambia wa kuzoa analipwa.

Naomba ifungwe kamba ya maboya mdomoni mwa Silk Stream, taka zizolewe kila Jumatatu na kila siku inayofuata mvua kubwa. Nanyi chapisheni sahihisho ukurasa ule ule, kwa herufi zile zile kubwa. Jumatatu sina kazi, na viatu vya mpira ninavyo.

Msomaji wenu,
West Hendon, London